Vichwa Kumi na Vinne

Mashua aliyoniachia Zihalirwa
ilijua Jumapili tu:
mimi, yeye, watoto wawili, sufuria ya sambaza,
tuzunguke Muhumba turudi kabla ya upepo.
Haikuwahi kumwomba mtu nauli.

Sasa shule inadai kwa dola,
nami nikaenda ofisi ya bandari na picha yake mkononi
kama anayepeleka posa.

Karani akasema: Mama, hii ni ya starehe.
Ya biashara ni mnyama mwingine.
Akanihesabia masharti kwa vidole, vidole vikaisha,
akaazima vyangu.

Mkaguzi Bisimwa alifika Nguba asubuhi,
viatu mkononi, suruali imekunjwa.
Aligonga mbao mojamoja
kama daktari kwenye kifua cha mtoto.
Akauliza kizimamoto, nikamwonyesha ndoo.
Akauliza injini ya akiba, nikamwonyesha makasia.
Akauliza leseni ya nahodha, nikamwonyesha Nshobole,
ambaye alikuwa akitabasamu.
Yeye hakutabasamu.

Kisha jaketi za kuokolea.
Nilizinunua Kadutu, rangi ya chungwa bivu,
nikapunguziwa bei, nikajisifu njia nzima.
Akaitupa moja majini. Tungoje, alisema.
Tukangoja.
Ikanywa polepole, ikalegeza bega,
ikashuka bila kelele.
Ya pili aliipasua kwa kisu:
matambara, na majani makavu ya mgomba.

Nilikuwa na noti ya ishirini ndani ya daftari,
mpya, isiyo na mkunjo, ile isiyokataliwa popote.
Aliliangalia daftari kwa muda.
Hiyo ibaki yako, akasema. Kanunue za kweli,
na moja ndogo, ya mtoto. Hiyo kila mtu huisahau.
Hakusema amejuaje.
Sikuuliza. Ziwa hili lina watu
ambao hawakuandikwa mahali.

Miezi mitatu, dirisha hili hadi lile,
muhuri juu ya muhuri, bima, rangi,
na mstari mweupe ubavuni
ambao maji yamekatazwa kuuvuka.
Wiki jana cheti kikatoka. Nimekivalisha plastiki.
Kinasema kumi na vinne.
Hakisemi "kama" kumi na vinne.

Leo, abiria wa kwanza.
Wanampeleka mtoto mchanga Ijwi kwa babu yake.
Wamekuja kumi na tisa kwa hesabu yao, na mbuzi.
Sogezaneni tu, Mama, sisi ni wembamba!
Nawaonyesha mstari.
Wajomba wanabishana na rangi.

Ninaandika majina, nakala mbili:
moja ya safari, moja abaki nayo karani.
Namwezi. Mushagalusa. Faida mkubwa, Faida mdogo.
Nafika kumi na tatu,
na mjomba mmoja mguu wake uko ndani tayari.
Namwonyesha kitenge mgongoni mwa mama.
Huyo? Huyo hahesabiwi, hana hata jina,
babu ndiye atakayemwita!

Kichwa ni kichwa, nasema,
na kisicho na jina hakipandi.

Gatini kimya. Nshobole anajifanya anafunga kamba.
Mjomba anatoa simu, mguu bado ndani,
anapiga Ijwi, sauti yote juu.
Mtandao unakatika, unarudi, unakatika.
Mzee anapiga kelele kana kwamba
angeweza kutufikia bila simu:
A... shu... 
halafu upepo, halafu kuku wa huko,
halafu hakuna.
Za! anamalizia mama, na anacheka, na analia.

Mjomba anatoa mguu.

Ninaandika: 14. Ashuza, siku tisa.
Namfunga jaketi ndogo, inammeza hadi puani.
Sita na mbuzi wanabaki, wote wamenuna,
mbuzi zaidi.
Nainama ubavuni, nasoma tena mstari:
kidole kimoja cheupe juu ya maji.
Kidole kimoja.
Nshobole, washa.